Urithi Alionyimwa Kifaranga

Mwaka 1971 mashamba ya kuku wa nyama nchini Ufini yaliingiliwa na salmonela wa aina iitwayo Infantis. Kuku hawakufa kwa wingi, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe. Kuku alikula, akanenepa, akachinjwa akionekana mzima machoni pa kila mtu, kisha akafika jikoni na bakteria wake. Waliohara na kupandwa na homa ni watu. Kwa daktari wa mifugo hakuna adui msumbufu kama huyo, kwa kuwa mnyama aliyembeba haonyeshi dalili yoyote.

Aliyelishika jambo hili akaling'ang'ania ni Esko Nurmi, mtafiti wa magonjwa ya mifugo mjini Helsinki, pamoja na mwenzake Rantala. Walianzia kwenye jambo lililokuwa likijulikana bila kupewa uzito: kuku mkubwa ni vigumu kumwambukiza salmonela, lakini kifaranga wa siku moja huambukizwa na chembe chache mno. Wiki chache tu zinawatenganisha kuku hao wawili. Kinga ya mwili ya kifaranga ni changa, ni kweli, lakini uchanga huo peke yake hautoshi kueleza tofauti kubwa kiasi hicho. Kilichobadilika zaidi katika wiki hizo ni wakazi wa utumbo.

Mtetea akiatamia, kifaranga huanguliwa chini ya mwili wa mama yake, katika kiota chenye manyoya, vumbi na kinyesi. Akishakauka tu huanza kudonoa, na anachodonoa kina bakteria wa mama. Baada ya muda mfupi utumbo wake umejaa aina nyingi za viumbe wadogo ambao wameishi na kuku vizazi na vizazi. Mashine ya kutotolesha iliukata mnyororo huo. Yai husafishwa kwa dawa, kifaranga hutokea ndani ya trei safi, huhesabiwa, hupakiwa kwenye boksi, hupelekwa kwenye banda lenye maranda mapya, na pengine asikutane na kuku mkubwa maisha yake yote. Utumbo wake ni nyumba tupu iliyoachwa mlango wazi, na mgeni wa kwanza kuingia ndiye anayejichagulia pa kulala. Akitangulia salmonela, basi ni salmonela.

Nurmi na Rantala walichukua majogoo wenye afya, wakatoa yaliyokuwamo ndani ya gole na utumbo wao, wakayachanganya na maji, wakawanywesha vifaranga wachanga moja kwa moja hadi goleni. Kisha wakawapa salmonela. Vifaranga ambao hawakupewa kitu waliambukizwa. Wengi wa wale waliopewa mchanganyiko wa majogoo walisalimika. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1973. Zilikuwa kurasa mbili tu, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kurasa zenye faida kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu ufugaji wa kuku. Hapakuwa na dawa, hapakuwa na mashine ya gharama. Kifaranga alirudishiwa urithi wake kwa bomba.

Nimeanza Ufini makusudi. Siku hizi habari za bakteria waliobadilishwa jeni ili walinde matumbo ya mifugo husimuliwa kana kwamba zilizaliwa juzi ndani ya kompyuta za maabara za Marekani. Asili yake ni kinyesi cha jogoo. Asiyelijua hilo atadhani mabadiliko ya jeni ndiyo msingi wa kazi hii, ilhali msingi ni kifaranga aliyetenganishwa na mama yake, na yote yaliyofuata ni juhudi za kuziba pengo hilo.

Juhudi za kwanza zilikwenda upande usiofaa. Zaidi ya miaka ishirini kabla ya Nurmi, katika maabara za kampuni ya Lederle, mji mdogo wa Pearl River jimboni New York, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wakitafuta chakula cha bei nafuu cha kukuzia vifaranga. Walifahamu kwamba kirutubishi walichokuwa wakikifuatilia, ambacho leo tunakiita vitamini B12, hutengenezwa na bakteria. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikizalisha aureomaisini, kiuavijasumu kipya kilichogunduliwa na Benjamin Duggar kutoka kwa kiumbe mdogo wa udongoni, na masalia ya uzalishaji yalikuwa yakibaki. Jukes akawalisha vifaranga masalia hayo. Siku ya Krismasi ya mwaka 1948 alikwenda kuwapima uzito, akakuta wamewazidi wenzao wote, hata wale waliolishwa dondoo la ini, lililohesabiwa kuwa lishe bora kuliko zote. Vitamini peke yake haikuweza kuleta ukuaji wa namna ile. Ilikuwa ni dawa, kiasi kidogo sana cha dawa kilichosalia ndani ya yale masalia.

Habari ilitangazwa mwezi Aprili mwaka 1950, na mwaka uliofuata Marekani iliruhusu viuavijasumu vichanganywe katika chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Ndani ya muda mfupi desturi hiyo ilienea Ulaya na kwingineko. Simlaumu mfugaji wa wakati ule. Aliona nguruwe na kuku wake wakikua haraka, kuhara kumepungua, na gharama ya chakula imeshuka. Lakini dozi ndogo inayotolewa kila siku huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, tena huwafagia wakazi wema pamoja na wabaya. Kifaranga aliyekwisha kunyimwa bakteria wa mama yake sasa alinyimwa hata wale wachache aliojiokotea bandani.

Ushahidi ulioniingia moyoni kuliko wote ni wa Stuart Levy, daktari wa Boston. Katika miaka ya 1970 alifanya utafiti katika shamba moja la familia, ambako baadhi ya vifaranga walilishwa chakula chenye tetrasaiklini na wengine chakula kitupu. Ndani ya wiki moja karibu bakteria wote wa utumbo wa wale waliopewa dawa walikuwa sugu. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa ni lile la watu wa nyumba ile. Hawakumeza dawa, lakini polepole bakteria sugu waliongezeka kwenye matumbo yao pia. Baada ya miezi mitano hadi sita, asilimia 31.3 ya sampuli za kinyesi zilizochukuliwa kwao kila wiki zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao ni sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani ilikuwa asilimia 6.8. Levy alichapisha matokeo mwaka 1976. Ukuta kati ya banda na nyumba haukuzuia kitu.

Uingereza ilikuwa imeshaonywa mwaka 1969 na kamati ya Swann. Uswidi ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku hiyo tarehe 1 Januari 2006. Marekani ilisubiri hadi mwaka 2017 kuondoa matumizi ya kukuzia kwa dawa zile zinazohitajika kutibu watu.

Kisa kimoja zaidi nakihitaji kabla sijaiacha habari ya dawa, kwa sababu kinagusa moja kwa moja yanayokuja. Mwezi Novemba mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta jeni iitwayo mcr-1 katika bakteria wa nguruwe, wa nyama na wa wagonjwa. Jeni hiyo humkinga bakteria dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari waliiweka akiba kwa ajili ya wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Ilibebwa kwenye plasmidi, yaani kijiduara cha DNA ambacho bakteria mmoja humpatia mwenzake, hata wa aina nyingine. Kabla ya hapo usugu wa kolistini ulijulikana kutokana na mabadiliko ndani ya bakteria mwenyewe, na haukuhama kwa urahisi. China iliondoa kolistini katika chakula cha mifugo mwaka 2017. Sasa, kolistini ni peptidi, mnyororo mfupi wa asidi amino uliotengenezwa na bakteria ili kuua bakteria wengine. Atakayekuja kukuambia kwamba peptidi ni silaha isiyozoeleka na maadui, mkumbushe mcr-1.

Hizi peptidi zilianza kujulikana kwa njia za ajabu. Mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, daktari wa Ujerumani Alfred Nissle, aliyefanya kazi Freiburg, alimchunguza askari aliyepigana Dobrudja, eneo la Balkani. Wenzake walikuwa wakihara damu, yeye yu mzima. Nissle alitenga kutoka kwenye kinyesi chake aina ya E. coli, bakteria wa utumbo, iliyoonekana kuwazuia bakteria wa kuhara, akaikuza, akaitia katika vidonge. Aina hiyo ingali hai hadi leo, inauzwa, na inabeba jina lake: E. coli Nissle 1917. Miaka minane baadaye, mwaka 1925, Mbelgiji André Gratia alionyesha kwamba aina moja ya E. coli inaweza kuiangamiza nyingine kwa kitu inachokitoa nje ya mwili wake. Vitu vya namna hiyo vilivyo vikubwa vikaitwa kolisini, na vilivyo vidogo vikaja kuitwa maikrosini. Ilipopatikana mbinu ya kuvichunguza jeni kwa jeni, ilionekana kwamba bakteria wa Nissle hutengeneza maikrosini mbili, M na H47.

Wanyama nao wana peptidi zao. Hans Boman wa Uswidi aliwadunga bakteria pupa wa nondo wakubwa, akatoa katika damu yao peptidi alizozichapisha mwaka 1981. Mwaka 1987 Michael Zasloff, akiwa Marekani, alieleza nyingine kutoka kwenye ngozi ya Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika anayefugwa katika maabara duniani kote. Alikuwa amegundua kwamba vyura waliofanyiwa upasuaji hurudishwa kwenye maji machafu na vidonda vyao hupona bila usaha. Nyingi za peptidi hizo huvutwa na utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuutoboa. Seli za mnyama hazina chaji ya namna hiyo upande wa nje, ndiyo maana huponea.

Kumbe basi dawa ipo, na imekuwapo siku zote ndani ya matumbo na ngozi. Kwa nini haikuwekwa moja kwa moja katika pumba ya kuku? Kwa sababu tumbo huisaga peptidi kama linavyosaga protini yoyote, na kwa sababu kuitakasa ni ghali. Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Iowa, akiwamo Chad Stahl, lilichanganya kolisini E1 iliyotakaswa katika chakula cha watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya, kisha likawaambukiza E. coli wa aina ya F18. Mfugaji yeyote wa nguruwe anaujua wakati huo wa kuachishwa. Mtoto huondolewa kwa mama, huchanganywa na wageni, hubadilishiwa chakula, na siku chache baadaye huanza kuhara maji na kukonda mbavu nje. Waliokula kolisini walikingwa na kuhara. Jaribio lilifaulu, lakini kukinga nguruwe wachache kwa kolisini iliyotakaswa maabara ni jambo moja, na kulisha shamba zima kila siku ni jambo jingine.

Wakati huo kazi ya Nurmi ilikuwa imesonga mbele kwa njia yake ya kimyakimya. Mwaka 1987 Ufini iliingiza sokoni Broilact, mchanganyiko wa bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa. Ufini na Uswidi zilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995 zilikuwa na salmonela kidogo kiasi kwamba zilipewa haki ya kudai uthibitisho maalumu kwa nyama na mayai yanayotoka nje. Sidai kwamba ni bakteria peke yao waliofanya hivyo. Palikuwa na upimaji mkali, usafi na kuteketeza makundi yaliyoambukizwa. Lakini walikuwamo.

Nchini Marekani, watafiti wa idara ya kilimo huko College Station, Texas, waliandaa mchanganyiko wao wenye aina 29 za bakteria zilizotambuliwa moja moja. Mamlaka ya dawa iliuidhinisha mwezi Machi mwaka 1998 kwa jina la Preempt. Namna ya kuutumia ilikuwa nzuri sana kwa wepesi wake. Vifaranga wakiwa bado kwenye trei za kituo cha kutotolesha hunyunyiziwa mvuke wa bakteria juu ya manyoya. Kila mmoja anapojichambua kwa mdomo hujimezesha mwenyewe. Ndivyo angefanya chini ya mama yake.

Ugumu ulikuwa kwenye orodha. Mchanganyiko asilia wa jogoo una viumbe ambao hakuna aliyewahesabu wote, na mamlaka za dawa zina haki ya kuuliza ni akina nani hao na kama hakuna mgonjwa miongoni mwao. Ukiwataja na kuwapunguza ili uwajue, mara nyingi nguvu ya mchanganyiko hupungua. Basi baadhi ya watafiti wakageuza swali. Badala ya kutafuta kundi kubwa la bakteria wazuri, je, anaweza kuchukuliwa bakteria mmoja anayejulikana vizuri, akaongezewa silaha moja inayojulikana vizuri, akatumwa tumboni aitengenezee huko huko? Gharama ya kutakasa ingeondoka, na peptidi isingelazimika kupita kwenye asidi ya tumbo.

Silaha ilitoka Argentina. Mwaka 1992, Raúl Salomón na Ricardo Farías wa Tucumán walieleza maikrosini iliyotolewa na E. coli wa kinyesi cha mtoto mchanga, ambayo sasa huitwa maikrosini J25. Ina asidi amino 21 tu. Mwaka 2003 ilibainika umbo lake: sehemu ya mbele imejifunga kuwa pete, na mkia umepita katikati ya pete hiyo ukakwama humo. Fundo hilo ndilo linaloifanya istahimili joto na vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Huingia ndani ya bakteria kupitia mlango ambao kwa kawaida hupitisha madini ya chuma, kisha huziba kimeng'enya kinachonakili jeni, na bakteria hushindwa kutengeneza chochote. Salmonela na baadhi ya E. coli hufa kwayo. Bakteria wengi wengine wa utumbo haiwagusi, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na tetrasaiklini.

Mwaka 2017 Yiannis Kaznessis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga bata mzinga, walichapisha jaribio lililoziunganisha nyuzi hizi zote. Walimchukua bakteria wa yule askari wa Dobrudja, E. coli Nissle, wakampa jeni za maikrosini J25 kutoka Tucumán, wakawapa bata mzinga walioambukizwa salmonela wa aina ya Enteritidis. Wiki mbili baada ya kupewa bakteria huyo, salmonela katika matumbo ya waliotibiwa walikuwa pungufu kwa asilimia 97 kulinganisha na wasiotibiwa. Hapakuwa na kiuavijasumu kilichotumika kuwaondoa.

Mwaka uliofuata kundi jingine, la Massachusetts, lilikwenda hatua ya mbele. Mwaka 2010 ilikuwa imegunduliwa kwamba salmonela hujinufaisha kwa uharibifu wake: huuvimbisha utumbo, na uvimbe huo huzalisha kemikali iitwayo tetrathionati, ambayo salmonela anaweza kupumua kwayo mahali pasipo na oksijeni. Wengi wa majirani zake hawawezi. Watafiti hao walimtengeneza bakteria wa Nissle anayeinusa tetrathionati na hapo ndipo aanze kutoa maikrosini H47. Katika vyombo vya maabara aliweza kumzuia salmonela. Yaani silaha hubaki alani hadi adui mwenyewe ajitangaze. Napenda wazo hili kuliko lile la bakteria anayefyatua mchana na usiku, kwa sababu silaha inayotumika siku zote ndiyo inayozoeleka, na tumeshaona aureomaisini ilitufikisha wapi.

Sasa swali ambalo kila mfugaji na kila mlaji atauliza: kiumbe huyu akitoka na kinyesi, akaingia mtoni, itakuwaje? Jibu bora ninalolijua lilitolewa Ubelgiji. Lothar Steidler na wenzake wa Ghent walikuwa wamemtengeneza Lactococcus lactis, bakteria wa kugandishia jibini, atoe protini ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Mwaka 2003 walieleza jinsi walivyomfunga. Waliing'oa jeni yake ya thyA, ambayo bila hiyo hawezi kujitengenezea timidini, moja ya malighafi za DNA, na mahali pale pale wakaipandikiza jeni mpya. Asipopewa timidini hufa. Na akijaribu kujirudishia thyA kutoka kwa bakteria mwingine, jeni iliyopandikizwa huondoka, kwa kuwa zote mbili zinagombea nafasi ile ile. Walimjaribu ndani ya nguruwe, na mwaka 2006 yalichapishwa majaribio ya kwanza kwa wagonjwa wa Amsterdam.

Hiyo ni kazi ya watu makini, na kila bidhaa ya mifugo ya aina hii inapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Bakteria ambaye jeni zake za silaha zimewekwa kwenye plasmidi inayohama hafai kutolewa bandani. Vivyo hivyo yule anayebeba jeni za usugu wa viuavijasumu, ambazo hutumika maabara kumtambulisha bakteria aliyebadilishwa. Kumtoa nje na jeni hizo ni kuurudisha ugonjwa kwa jina la tiba. Hata Nissle mwenyewe si msafi kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walionyesha kwamba anabeba kundi la jeni za kutengeneza kolibaktini, sumu inayoharibu DNA ya seli. Nao salmonela hawatakaa wakisubiri kufa: mabadiliko kwenye ule mlango wa chuma, au kwenye kimeng'enya kinachonakili jeni, hutosha kumwokoa mmoja wao dhidi ya maikrosini J25. Watafiti wengi wanaelekea kwenye kutumia peptidi mbili au zaidi kwa pamoja, na naona wana haki.

Haja yenyewe haipungui. Mwezi Juni mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliondoa oksidi ya zinki iliyokuwa ikitumika kama dawa ya kuzuia kuhara kwa watoto wa nguruwe, kwa sababu zinki hulimbikizana kwenye udongo na huchangia kuwachagua bakteria sugu. Mfugaji wa Denmark aliyezoea zinki baada ya kunyang'anywa viuavijasumu, sasa hana hiki wala kile.

Afrika Mashariki tuko mahali pale walipokuwa wenzetu miaka ya 1950, kwa tofauti moja, kwamba sisi matokeo tunayajua. Wafugaji wa Kibaha, Thika na Wakiso hununua vifaranga wa siku moja kutoka kwenye vituo vya kutotolesha, wale wale wasio na urithi. Pakiti ya oksitetrasaiklini hununuliwa kwenye duka la pembejeo bila kuulizwa kitu, hukorogwa kwenye maji kuanzia siku ya kwanza, kifaranga akiwa hana ugonjwa wowote, na wengi huiita vitamini. Wataalamu wetu wameupa usugu wa vimelea dhidi ya dawa jina la UVIDA na kuandaa mipango ya kitaifa ya kupambana nao. Lakini mfugaji mwenye mkopo wa banda hawezi kuambiwa aache dawa bila kuambiwa ashike nini mahali pake.

Huku nyuma ya nyumba hiyo hiyo, mtetea wa kienyeji anatembea na vifaranga wake wakidonoa anapodonoa. Hapewi dawa, na kila siku anawagawia wanawe bakteria ambao hakuna maabara iliyowahesabu. Ugonjwa wa mdondo huwaua kuku hao kwa wingi, hilo halina ubishi, na kwa mdondo ni chanjo tu. Lakini utumbo wake ni hazina. Bakteria wa Nissle alitoka kwa askari wa kawaida, J25 ilitoka kwa mtoto mchanga, na mchanganyiko wa Nurmi ulitoka kwa jogoo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebuniwa; waliokotwa na watu waliojali kutazama. Kuku wetu wa kienyeji wanazidi kuchanganywa na mbegu za kisasa, na wengi sasa hutotoleshwa kwa mashine, hivyo wanapoteza bakteria wao kama walivyopoteza wale wa Ufini.

Nawaomba walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wa Makerere na wa vyuo vya mifugo vya Kenya, na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi yenye maghala ya baridi kali ya kuhifadhia sampuli, waanze kukusanya bakteria wa matumbo ya kuku wa kienyeji kijiji kwa kijiji, wawataje, wawahifadhi, na wawajaribu kwa vifaranga wa siku moja. Na mamlaka zetu za dawa na usalama wa viumbe ziandike sasa masharti ya bakteria waliobadilishwa jeni, kabla shehena ya kwanza haijateremshwa bandarini.